Mkwaju Katikati ya Jina Letu

Fungua Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, nenda mwishoni kwenye Jedwali la Kwanza, hesabu kaunti kuanzia Mombasa hadi ufike ya sita. Utaikuta kwetu imeandikwa hivi: Taita/Taveta. Wengi wetu huandika maneno mawili bila kitu katikati, wengine huweka kistari, lakini katiba imeweka mkwaju. Kati ya kaunti 47, zilizo na mkwaju ni mbili tu: yetu, na Elgeyo/Marakwet kule Bonde la Ufa.

Nimeishi na jina hilo maisha yangu yote bila kulitazama. Nililitazama siku moja nikiwa nimekaa kwenye benchi la ofisi fulani ya serikali, bahasha ya kaki mapajani, nikisubiri kuitwa. Baba alikuwa amefariki, na sisi watoto wake tulikuwa tumeanza shauri la urithi wa shamba. Karani alizipanga karatasi zangu mezani moja baada ya nyingine, akazisoma zote, kisha akaniuliza bila ukali wowote, "Ndugu, hizi zinataja mahali panne. Marehemu alikuwa anatoka wapi hasa?"

Nikamwambia Mgange. Akanirudishia bahasha, akaniambia nikaape kwa wakili kwamba mahali hapo panne ni mahali pamoja tu.

Jioni ile nilizitandaza karatasi kitandani. Kuukuu kuliko zote ilikuwa cheti cha ubatizo cha babu, karatasi nene iliyokunjwa mara nne hadi mikunjo ikatoboka, wino wake umegeuka rangi ya chai. Juu kabisa mwandishi ameandika "Teita", kwa e. Ya pili ilikuwa kitambulisho cha baba. Ukikigeuza nyuma, kuna mistari minne iliyofuatana kama ngazi ya kushukia: wilaya, tarafa, lokesheni, kata ndogo. Wilaya ni Taita Taveta, tarafa ni Wundanyi, na jina la lokesheni limeandikwa bila h. Ya tatu ilikuwa barua ya chifu, iliyopigwa chapa majuzi tu, na chifu wetu ambaye ni mzaliwa wa hapo ameandika "Mghange Nyika", kwa h yake kamili. Ya nne ilikuwa ya shamba, na hiyo ina namba inayoanza na jina la sehemu ya usajili, kisha mkwaju, kisha jina jingine, kisha mkwaju tena, kisha tarakimu.

Sikuwa na hasira na karani. Alikuwa anasoma kilichoandikwa. Nilichokuwa nacho ni mshangao wa mtu aliyegundua kwamba familia yake haijahama hata hatua moja, lakini imeandikwa kama watu waliohama mara nne.

Nianze na hiyo e ya Teita, maana ndiyo kongwe. Wamisionari na maofisa wa karne ya 19 waliandika walivyosikia, kwa tahajia za lugha zao. Teita ikaingia kwenye ramani, kwenye barua za Kampuni ya Kifalme ya Uingereza ya Afrika Mashariki, kwenye daftari za mahakama, kwenye vyeti vya ubatizo. Baadaye serikali ikaanza kuandika Taita, lakini e ile haikufa. Pita Mwatate ukielekea Bura uone mashamba ya mkonge yasiyokwisha. Kampuni yake hadi leo inaitwa Teita Estate. Na juu kwenye msitu wa Mbololo kuna ua dogo la zambarau, jani lake lina manyoya laini, linaota kwenye kivuli cha miamba, na wataalamu wa mimea wamelipa jina la Kilatini Saintpaulia teitensis. Siku hizi wamelihamishia ukoo mwingine wa mimea, lakini hiyo teitensis imebaki pale pale. Kwa hiyo tahajia aliyobatiziwa babu inaishi kwenye kiwanda cha katani na kwenye petali ya ua.

Ile h nayo ina hadithi yake. Kidawida, lugha yetu ya mlimani, kina sauti ya gh, ile ya ghali na ghafla, na tunaitumia kila tunapofungua mdomo. Mghunda ni shamba, na mghundenyi ni shambani. Sasa chukua orodha ya wadi 20 za kaunti yetu uisome taratibu. Werugha imeachiwa gh yake. Mboghoni, kule Taveta, vilevile. Lakini Saghalla imeandikwa Sagalla, Kasighau imeandikwa Kasigau, na Mghange imekuwa Mgange. Hakuna kanuni utakayoipata hapo hata ukeshe. Ni mkono wa karani mmoja mwaka fulani, akafuatwa na karani mwingine aliyenakili, na wa tatu aliyenakili kwa wa pili. Mtoto wa Saghalla anajifunza shuleni kuandika jina la mlima wake kwa namna ambayo nyanya yake hawezi kulitamka.

Milima hiyo iko mitatu, na hili watu wa nje hulikosea sana. Ukiwa kwenye barabara ya Mombasa unaona safu moja ya bluu, unasema, "Hiyo ni milima ya Taita," basi. Sisi tunaona Dawida, ule mkubwa wenye vilele vya Vuria, Iyale na Wesu. Tunaona Saghalla, uliosimama peke yake kusini mwa Voi. Tunaona Kasighau, mbali zaidi, unaoinuka kutoka nyika kama mtu aliyesimama mlangoni. Wadawida, Wasaghalla, Wakasighau. Kisaghalla hata si lahaja ya Kidawida. Ni lugha yake, na Mdawida akiisikia kwa mara ya kwanza anahitaji subira. Jina "Taita" lilikuja baadaye kutukusanya sote kwenye kapu moja.

Wageni wa kwanza kutuandika waliacha majina ambayo hatuyatumii tena. Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa akikaa Rabai, alifika Kasighau Oktoba 1847, na katika maandishi yake mlima ule unaitwa Kadiaro. Mwaka uliofuata alipita tena kwetu akiongozwa na Bwana Kheri, kiongozi wa misafara kutoka pwani, akavuka Bura, na tarehe 11 Mei 1848 akaiona theluji ya Kilimanjaro. Saghalla nayo kwenye ramani za misafara iliitwa Ndara, na ndilo jina lililojulikana Ulaya wakati Joseph Wray wa kanisa la Kianglikana alipojenga kituo chake kule juu mwaka 1883. Kadiaro limezimika kabisa. Ndara limesalia nyikani, kwenye jina la ranchi. Nikifikiria njia ya majina haya, naona wapagazi na viongozi wa misafara waliokuwa wakiutazama mlima kwa mbali, kutoka pale penye maji. Waliokaa juu ya mlima hawakuwa na haja ya kumtajia mpita njia jina lake.

Baba mdogo, ambaye sasa ndiye mkubwa wa nyumba yetu, aliposikia habari za karani aliniambia nipande nyumbani. "Hiyo karatasi yako imekatwa mlalo," alisema kwenye simu. "Ardhi yetu iko wima."

Nikapanda matatu ya Wundanyi, na kutoka hapo nikachukua boda boda. Asubuhi yake tulitoka kabla umande haujakauka, yeye na fimbo yake mbele, mimi na daftari nyuma.

Kabla ya serikali, Dawida iligawanywa kwa izanga. Neno hilo maana yake ni nchi, lakini nchi ndogo, ya ujirani na ukoo, yenye msitu wake mtakatifu wa kuilinda, fighi, na mbanga zake, yaani mapango, ambamo mafuvu ya wazee waliotangulia yaliwekwa kwa heshima. Hakukuwa na chifu. Wazee waliamua, na mambo yakaenda. Umbo la izanga ndilo alilokuwa akilisema baba mdogo. Ilianzia juu msituni kwenye baridi na ukungu, ikateremka hadi mabondeni penye migomba na mifereji, ikaendelea kuteremka hadi ukingo wa nyika ambako mtu alipanda mtama na kulisha mbuzi. Familia moja ilikuwa na kipande juu, kipande katikati, kipande chini. Mvua ikikosekana chini, juu pana ukungu. Baridi ikiua mazao juu, chini pana jua. Mlima ulikatwa kama keki ya harusi inavyokatwa, kutoka kileleni hadi sahani.

Na majina yalifuata umbo hilo. Kuna Mgange Dawida na Mgange Nyika. Kuna Rong'e Juu na Rong'e Nyika. Mtu akikutajia jina la kwanza na la pili kwa pamoja, tayari umeshajua kama anaona ukungu au vumbi akifungua mlango asubuhi.

Serikali ilipofika ilihitaji mtu wa kuulizwa. Sheria ya mwaka 1902 ya wakuu wa vijiji iliweka mtu huyo kila mahali katika Himaya ya Afrika Mashariki, hata palipokuwa hapajawahi kuwa na mkuu, na mkuu akishawekwa lazima awe na eneo, na eneo lazima liwe na mpaka. Hapo ndipo zilipozaliwa lokesheni. Wilaya ya Teita ikawekwa chini ya mkoa ulioitwa Seyidie, jina lililotoka kwa Sayyid, Sultani wa Zanzibar, ambaye mlimani kwetu hakuwa na hata mnazi mmoja. Baadaye Seyidie ikawa Mkoa wa Pwani, na sisi watu wa milima na nyika tukawa Wapwani kwa karatasi, ingawa bahari iko zaidi ya kilomita 100 kutoka Voi. Tumeshazoea, na sasa tunajiita hivyo kwa moyo mweupe.

Taveta ni habari nyingine, na hapa ndipo mkwaju wa katiba unapoanza kueleweka. Wataveta ni watu wao wenyewe, na lugha yao, kwenye msitu wa Mto Lumi chini ya Kilimanjaro, mahali misafara ilipopumzika na kununua chakula. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipogawana nchi hizi, mstari wao ulitoka mdomo wa Mto Umba pwani, ukaenda Ziwa Jipe, ukavuka Lumi, ukapita katikati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, ukauzunguka mlima upande wa kaskazini. Hivyo ndivyo Taveta ilivyobaki upande huu. Watu hupenda kusimulia kwamba Malkia Victoria alimpa mjukuu wake Kilimanjaro kama zawadi ya siku ya kuzaliwa. Si kweli, na inasikitisha kwamba ngano hiyo inajulikana kuliko mkataba wenyewe, ambao ndio uliowatenga Wataveta na majirani zao na kuwaunganisha na sisi wa milimani.

Vita Kuu ya Kwanza vilipoanza, Wajerumani waliichukua Taveta Agosti 1914. Waingereza wakajenga haraka reli ya kutoka Voi kwenda huko, na vituo vyake ndivyo vilivyotia majina fulani kwenye ramani za dunia: Maktau, Mbuyuni, Salaita, ambako Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini walishindwa vibaya. Makaburi yao yapo na yanatunzwa vizuri. Kilichonichoma mimi zaidi nilipokuwa nikifuatilia majina haya ni Kasighau. Mwaka 1915 Waingereza waliwashuku wakazi wa mlima ule kwamba wamewasaidia Wajerumani. Wakawateremsha wote, wakachoma nyumba zao, wakawapeleka Malindi. Watu wa mlimani wakatupwa kwenye joto na homa ya pwani, na wengi wakafa. Waliosalia walikaa takriban miaka 20 kabla ya kurudi kwao.

Lakini walirudi, na walirudi na majina. Vijiji vitano vimeuzunguka mlima ule: Rukanga, Jora, Bungule, Kiteghe, Makwasinyi. Vitaje kwa mpangilio wowote, umeshauzunguka Kasighau. Nikisikia mtu anasema majina ya kienyeji ni mambo ya wazee, huwa nataka kumuuliza ni nini kingine ambacho watu wale wangeweza kukibeba miaka yote hiyo bila kunyang'anywa.

Mwaka 1948 ikaja hifadhi ya Tsavo. Sitaki kuikatalia hifadhi faida zake. Vijana wengi wa kwetu wanakula kwa sababu yake. Ila zaidi ya asilimia 60 ya kaunti yetu, yenye takriban kilomita za mraba 17,000, iko ndani ya hifadhi hiyo, na jina lenyewe la Tsavo wengi wanalieleza kwa Kikamba kwamba ni mahali pa mauaji. Visima, malisho na vilima vilivyokuwa na majina ya wachungaji vikageuka kuwa eneo moja la kijani kibichi kwenye ramani, lenye jina moja. Sehemu ya chini ya keki ikaondolewa sahani.

Baada ya uhuru tukarithi lokesheni, na juu yake tarafa. Wilaya ya Taita Taveta niliyozaliwa ilikuwa na tarafa za Wundanyi, Mwatate, Voi, Taveta, Tausa na Mwambirwa. Tuliimba hayo majina darasani kama wimbo wa kuhesabu. Kisha mwishoni mwa miaka ya 2000 wilaya zikazidi kugawanywa kote nchini, na yetu pia ikagawanywa, Taita kivyake, Taveta kivyake. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ikasema wilaya zote mpya zilizotangazwa nje ya sheria ya mwaka 1992 hazikuwa halali, na katiba ilipokuja mwaka mmoja baadaye, kaunti zikafuata mipaka ya ile sheria ya 1992. Taita na Taveta wakarudishwa nyumba moja, na aliyeandika jedwali akaweka mkwaju kati yao.

Mkwaju ni neno zuri. Ni mti wa nyika wenye kivuli kizito na tunda kali. Ni bakora ya mzee. Na ni hicho kistari kilicholala upande, ambacho huwezi kujua kama kinatenganisha au kinaunganisha.

Tume ya uchaguzi ilipochora wadi 1,450 za nchi nzima, sisi tulipata 20. Wadi nne kati ya hizo zina mkwaju: Wundanyi/Mbale, Wumingu/Kishushe, Mwanda/Mgange, na Wusi/Kishamba. Zote nne ziko Dawida. Tatu ziko ndani ya kaunti ndogo moja, Wundanyi, yenye wadi nne tu. Ni Werugha peke yake iliyoponea. Wakati ule watu walilalamika. Kila upande ulitaka jina lake liende kwanza, na wengine wakasema bora lingetafutwa jina jipya kuliko kubandika mawili. Mimi mwenyewe niliona ni uvivu wa karani.

Nimebadili mawazo. Chukua Wumingu/Kishushe. Wumingu iko juu. Kishushe iko chini kabisa kwenye nyika, joto, udongo mwekundu, madini ya chuma, ndovu wanaotoka Tsavo usiku kuvamia mahindi. Kwa miaka mingi ya lokesheni na kata, juu na chini vilihesabiwa mbali mbali, kana kwamba watu wa Kishushe hawakuteremka kutoka mahali popote. Mkwaju umerudisha juu na chini kwenye karatasi moja. Umefanya hivyo bila kujua, na umefanya vibaya, lakini ukiufuata kwa kidole kutoka kulia kwenda kushoto unapanda mlima. Ndiyo izanga ile, imeandikwa na mtu ambaye hajawahi kuisikia.

Siku hizi tuna ramani mbili zinazolaliana. Ya kwanza ni ya kaunti, ya gavana aliyeko Mwatate na wawakilishi wadi. Ya pili ni ya serikali ya kitaifa, ya kamishna, tarafa, chifu na naibu wake. Mwakilishi wadi wako anaongoza Mwanda/Mgange, chifu wako anaongoza lokesheni isiyolingana nayo, na barabara mbovu mbele ya nyumba yako iko kwenye zote mbili. Mama mmoja tuliyekutana naye siku ile akichota maji alimuuliza baba mdogo kama ile fomu ya ruzuku ya mbolea inataka wadi au lokesheni. Baba mdogo akamjibu, "Andika zote, dada. Watachagua wenyewe."

Mipaka ya nje nayo haijatulia. Mackinnon Road, iliyopewa jina la William Mackinnon wa ile Kampuni ya Kifalme, leo ni wadi ya Kinango, Kaunti ya Kwale, na wasafiri wanaijua kwa msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah kando ya reli. Viongozi wetu wamekuwa wakisema mpaka wa Taita unafika pale. Upande wa pili ni Mtito Andei, jina la Kikamba linalotaja msitu na tai, ambayo iko Makueni na ambayo wazee wetu pia wanaihesabu. Kila uchaguzi unapokaribia, mabishano haya hupashwa moto. Naomba tu mjadala huu uendeshwe na watu waliozisoma ramani za zamani na kuwasikiliza wazee wa pande zote, kwa sababu nimeona jinsi mtu anavyoweza kuutetea mpaka wa kilomita hamsini huku hajui jina la mto unaopita nyuma ya shule aliyosoma.

Jambo moja limenifurahisha katika miaka hii. Reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017, kituo kimoja kati ya Mariakani na Voi kikaitwa Miasenyi. Msikilize mtangazaji ndani ya treni. Hiyo -nyi ya mwisho ni yetu. Ndiyo -ni ya Kiswahili ya nyumbani na shambani. Wundanyi, Wongonyi, Ngerenyi, Lualenyi, Makwasinyi, Miasenyi. Na ile wu- ya mwanzo, kwenye Wundanyi, Wumingu, Wusi, ndiyo u- ya Unguja na Upare. Mwenye Kiswahili akijua vitu hivyo viwili tu, ramani yetu inaanza kuzungumza naye kama jamaa wa mbali. Abiria wa Nairobi anayelala njia nzima anatangaziwa kwa sauti ya spika, kwa sarufi ya Kidawida, kwamba amefika mahali fulani.

Kule shambani, baba mdogo alinipitisha kila ngazi ya ardhi yetu kuanzia juu. Nilidhani shamba la baba lina jina moja, lile la kwenye karatasi. Lina majina saba. Kuna la pale mfereji unapogawanyika. Kuna la mwamba ambao nyanya alikuwa akianikia mtama. Kuna la mti ambao umeshaanguka na hakuna aliyebaki ambaye anaukumbuka isipokuwa yeye. Siyaandiki hapa kwa sababu shauri letu halijaisha na sitaki yawe ushahidi kabla ya wakati wake, lakini kwenye daftari langu yapo yote saba, na pembeni ya kila moja nimechora mahali lilipo.

Jina la mwisho, la kipande cha chini kabisa kinachotazama nyika, nililiandika haraka kwa sababu jua lilikuwa limeshakuwa kali. Baba mdogo aliomba aone daftari. Alilisogeza mbali na macho kama wafanyavyo wazee wasio na miwani, akalisoma, akaniuliza, "H iko wapi?"

Nikasema nimesahau.

"Hebu litaje."

Nikalitaja. Akatikisa kichwa, akalitaja yeye, taratibu, ile gh ikitoka kooni kama maji yanayopita chini ya jiwe. Nikalirudia. Akanifanya nilirudie mara tatu tukiwa tumesimama juani, mbuzi wa jirani wakitutazama, kisha akanipa kalamu niongeze herufi.